Kimya cha Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Siku kubwa! Nimenunua hedifoni mpya. Nyeusi, za kuchomeka masikioni, waya mrefu kama kamba ya kuanikia nguo, na mipira laini ya akiba ya saizi tatu. Muuzaji kaniapia kwamba nikizivaa nitasikia hata inzi akikohoa. Nimemwambia inzi sina haja naye. Nina haja na cheo.

Nieleze vizuri. Mimi ni karani mchapaji wa Baraza la Usuluhishi. Watu wakigombana na majirani zao huja kwetu, wakakalishwa mezani, kila mmoja na maiki yake, wakarekodiwa. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi na kuchapa kila neno. Maiki ya mlalamikaji husikika sikio la kushoto, ya mlalamikiwa sikio la kulia. Utaratibu mzuri. Hata wakifokeana kwa pamoja, kama kawaida yao, hawachanganyiki.

Wachapaji tuko wawili. Mwenzangu ni Bi Nukta. Tunamwita hivyo kwa sababu hupita nyuma ya kiti changu na kuninong'oneza kwamba nimesahau nukta. Sijawahi kusahau nukta maishani. Huwa naiahirisha.

Leo Msuluhishi, mkuu wetu, katangaza kwamba kiti cha Mwandishi Mkuu kiko wazi. Kila mmoja wetu kapewa shauri moja. Tukabidhi Ijumaa. Jumatatu ijayo maandishi yatasomwa mbele ya wahusika wenyewe, na ambaye maandishi yake hayatapingwa, cheo ni chake. Bi Nukta anatumia hedifoni za ofisi, kuukuu, waya umefungwa plasta ya kidonda. Nimemwonea huruma. Huruma ndogo.

Jumanne, 4 Juni

Shauri langu: mkunga mstaafu dhidi ya jirani yake, mchomeleaji vyuma. Juu ya jalada wameandika tu "mgogoro wa ujirani". Bila shaka ni kelele za kuchomelea. Kazi rahisi kama kumsukuma mlevi! Nikavaa hedifoni. Mkunga akaanza, sauti safi, ya mama aliyezoea kutoa amri chumba cha uzazi: Mheshimiwa, mimi nimekuja hapa kwa sababu...

Kimya.

Kulia namsikia mchomeleaji akikohoa. Kushoto, kaburi. Nikapuliza. Nikatikisa waya. Mkunga akarudi, akasema "mume wangu", akaondoka tena. Mpaka saa sita nimepata maneno yake kumi na manne, na matatu kati ya hayo ni "eeh".

Nimegundua kitu. Nikilaza kichwa begani na kuusukuma waya kwenye kompyuta kwa kidole gumba, sauti inarudi. Lakini hapo nachapa kwa mkono mmoja, nikitazama dari. Bi Nukta kauliza kama shingo inaniuma. Nimesema natafakari. Nikala karanga kidogo kutoka kwenye droo ili kutuliza mawazo.

Saa tisa, mbio kwa muuzaji. Akazichomeka kwenye simu yake, akasikiliza wimbo mzima, kushoto na kulia, mpaka mabega yakaanza kucheza. Akanirudishia. Ziko sawa. Nikamwambia kwangu haziko sawa. Akasema basi, mzee wangu, tatizo liko huko kwako. Maneno ya kumwambia mteja hayo!

Nyumbani nikamlalamikia mama watoto. Ni fundi cherehani. Bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, kaniambia uzi ukianza kukatika-katika, unabadilisha kitu kimoja kimoja. Kwanza sindano. Ikishindikana, uzi. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, hutajua mwizi alikuwa nani. Nikamweleza kwamba hedifoni si gauni. Kasema haya.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya matibabu. Nimesafisha masikio ya hedifoni kwa pamba na spiriti. Nimebadilisha mipira, nikaweka ile mikubwa. Nimezima kompyuta na kuiwasha. Nimefungua waya mafundo. Yote kwa mpigo, kuokoa muda. Matokeo: mkunga kazungumza sekunde tisa mfululizo! Nikapiga kofi la furaha mezani. Kofi likamfukuza.

Na mpira mmoja ukabaki sikioni. Nimeutoa kwa kibano cha nyusi cha mama watoto, ambacho nilikuwa nimekibeba kwa sababu nyingine nisiyopenda kuiandika.

Kisha nikagundua kwamba ndani ya kompyuta kuna sehemu ya kugawa sauti. Nikaisukuma yote kushoto, ili mkunga apate nguvu. Nikakaa robo saa nzima nikidhani wahusika wote wawili wanafikiri kabla ya kujibu. Nikawaheshimu sana. Kumbe nilikuwa nimemnyamazisha na mchomeleaji.

Mchana, mbinu ya mfupa uliovunjika. Nikafunga waya kwenye rula, rula kwenye ubavu wa kompyuta, plasta mizunguko sita. Ikashika! Mkunga kaanza kunguruma kama redio. Sharti lake moja tu: nisiguse meza. Lakini kompyuta iko mezani. Na kuchapa kunahitaji vidole.

Bi Nukta yuko ukurasa wa tisa. Mimi wa pili. Hapa pana mkono wa mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Ushahidi unaongezeka. Bi Nukta kafika ofisini kabla yangu. Dirisha la upande wangu liko wazi. Nikamuuliza nani kalifungua. Kasema yeye, kwa sababu kuna joto. Jibu lililoandaliwa hilo! Asiye na hatia huwaza kidogo.

Basi nikapanga. Saa saba alipotoka kwenda kula, nikabadilisha hedifoni. Zangu nikaziweka kwenye kompyuta yake, nikazizungushia plasta ileile ili asitambue. Zake nikazichomeka kwangu. Moyo unanidunda kama wa kijana anayeruka ukuta. Nikavaa. Kulia, mchomeleaji anazungumza vizuri.

Kushoto: kimya!

Kumbe zake nazo mbovu! Na zote upande uleule! Hapo ndipo nilipomwelewa mwanamke huyu. Kaziharibu zake mwenyewe, makusudi, akijua nitakuja kuzichukua. Kweli mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, na mimi siku zote nimemdharau.

Akarudi, akavaa zangu, akaanza kuchapa kama mvua juu ya bati. Saa nane akasimama kidogo, akazigeuza-geuza mkononi. Kasema leo sauti inakuja vizuri ajabu, pande zote mbili, sijui ni hali ya hewa. Nikasema labda. Nimeumia ndani kwa ndani.

Jioni nikamsimulia mama watoto, yaani zile sehemu zinazosimulika. Akasimamisha cherehani. Jambo ambalo halifanyi hata mvua ikiingia ndani.

"Hedifoni zile zilikuwa mbovu kwako. Hizi nazo mbovu kwako. Na kwa mwenzako zile zako zinaimba."

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo uzi umebadilisha. Kilichobaki ni nini, baba watoto?"

Nikajibu: Bi Nukta.

Akarudi kwenye cherehani. Amekanyaga kanyagio kwa nguvu kuliko kawaida.

Ijumaa, 7 Juni

Mwisho wa kukabidhi ni saa kumi. Kurasa nilizonazo: mbili na nusu. Mkunga anakuja na kukatika kama umeme wa mtaani kwetu. Nikakaa nikajiuliza swali la kiume. Je, mchapaji wa miaka kumi na tisa anahitaji kweli kusikia kila kitu? Hapana! Ukilijua jibu, swali unalijua. Na majibu ya mchomeleaji ninayo yote.

Ndiyo Mheshimiwa, nilimfunga kamba. Alikula maboga yangu matatu.

Kimya.

Maji nilimpa. Ndoo nzima.

Kimya.

Ndevu nilimshika mara moja tu, nilipokuwa namvuta kumwingiza uani.

Kimya kirefu.

Nami nitamwachiaje, wakati kila siku anaruka ukuta?

Na kutoka kwa mkunga, katika siku nne, maneno yenye uzito niliyoambulia ni haya: "mume wangu", mara mbili. "Harufu", mara moja. "Tangu mdogo", mara moja.

Nywele zikanisimama. Hili si shauri la kelele. Mchomeleaji kamteka mume wa mkunga! Mzee wa watu, mwenye ndevu zake, kafungwa kamba uani kama mzigo, kisa maboga! Na wamekaa mezani wanalizungumza kwa sauti ya kawaida! Nikasema hapa, karani, wakati wako umefika.

Nikajaza mapengo. Sikubuni, nilikisia kwa uzoefu. Mkunga nikampa maneno yanayomstahili. Pale penye harufu nilihangaika sana, mpaka nikaandika hivi: "Namtaka mume wangu. Ana harufu, ndiyo, ila ni wangu." Nikaisoma mara tatu. Kwa kweli nilijikuta nimeguswa.

Nimekabidhi saa kumi kasoro dakika moja. Nukta zote zipo. Bi Nukta alikabidhi tangu asubuhi, sasa anamwagilia maua ya dirishani. Mwache amwagilie.

Jumamosi, 8 Juni

Nimenyoa. Nimepiga pasi koti. Nimefanya mazoezi ya kukaa kama Mwandishi Mkuu: mgongo wima, kidevu mbele, kalamu kidole cha pili na cha tatu. Mama watoto kauliza nimekaaje hapo kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Wivu hauchagui nyumba.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika koti likiwa bado mwilini.

Tulikuwa chumba cha kikao. Viti vimejaa. Mkunga kakaa kushoto, mwanamke mfupi, mikono imetulia juu ya mkoba. Mchomeleaji kakaa kulia, miwani ya kazi kaipandisha kwenye paji la uso, kana kwamba atatoka hapa moja kwa moja kwenda kwenye cheche. Kwanza yakasomwa maandishi ya Bi Nukta, shauri la mfereji wa maji. Hakuna aliyepinga hata neno. Watu wawili wakapiga miayo. Nikatabasamu.

Ikaja zamu yangu. Msuluhishi akasoma kwa ile sauti yake nzito: "Mlalamikaji: Mheshimiwa, jirani yangu huyu amemfunga kamba mume wangu."

Akasimama. Akavua miwani. Akaifuta kwa tai. Akaivaa, akatazama tena. Neno bado lilikuwepo.

Mchomeleaji akaruka. "Mume gani tena, Mheshimiwa? Mimi nilimfunga beberu!"

Beberu. Mbuzi dume!

Maboga. Ndevu. Harufu. Kuruka ukuta. Lugha yetu nayo! Mtu "alikula", mbuzi naye "alikula". Mtu "nilimfunga", mbuzi naye "nilimfunga". Mababu wangetenganisha kidogo tu, leo ningekuwa Mwandishi Mkuu.

Msuluhishi akanigeukia, akanieleza kwa upole, ule upole mbaya, kwamba mume wa mama huyu ni marehemu, huu mwaka wa pili. Kwamba mama alieleza mbele yetu sote, kwenye maiki, jinsi marehemu alivyomlea beberu huyo tangu mdogo, kwa chupa. Nikatafuta shimo la kujificha. Sakafu ya Baraza ni saruji.

Hapo mkunga akanyoosha mkono. Nikajua sasa natukanwa. Lakini hakunitazama. Kamwambia Msuluhishi aendelee kusoma.

Msuluhishi kasema mama, haya si maneno yako.

"Najua si yangu, baba. Soma tu."

Akasoma. Sauti yake nzito ikapungua uzito. "Namtaka mume wangu. Ana harufu, ndiyo, ila ni wangu."

Kikaja kimya. Safari hii pande zote mbili.

Mabega ya mkunga yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akawa anafanya yote mawili, na leso yake haijui ifute nini. Kasema marehemu alikuwa vilevile. Alikuwa anaingia bustani za watu kama zake, akirudi ananuka tumbaku na moshi wa kuni, na ole wako umwambie kitu. Kasema miaka miwili hii watu wanampa pole, wanampa pole, wanakwenda zao. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kusimama mbele ya Baraza na kumdai mzee wake arudishwe.

Mchomeleaji akaishusha ile miwani ya kazi machoni. Ndani ya chumba! Hakuna cheche hata moja. Kasema siku ile mama alipoeleza, yeye alisikia mbuzi tu, hakumsikia marehemu. Marehemu alikuwa anampigia hodi kila asubuhi. Beberu atamrudisha leo hii. Na atamtengenezea mama mlango wa chuma wa banda, komeo juu, komeo chini, ili mbuzi asizurure tena. Mkunga kasema basi yeye atampa mbegu za maboga. Wakashikana mikono juu ya meza yenye maiki mbili. Shauri lililokaa miezi mitano!

Kabla ya kutoka, mkunga kaomba nakala ya maandishi yangu. Msuluhishi kamwambia hizo si kumbukumbu rasmi, zimejaa makosa. Kasema ndiyo maana anazitaka.

Jumanne, 11 Juni

Msuluhishi kaniita. Kwa rekodi za Baraza anataka maandishi ya kweli, na anataka kujua nini kilinipata. Nikasema hedifoni. Nikasema zaidi. Nikasema mbele ya Bi Nukta kwamba kuna watu humu ndani wanahujumu wenzao kwa kufungua madirisha.

Bi Nukta alikwenda kwenye kompyuta yangu. Akaondoa rula. Akachomoa waya, akamulika lile tundu kwa mwanga wa simu, akachungulia. Kisha akatoa kibanio kichwani mwake, akakiingiza taratibu, akavuta.

Ganda la karanga.

Akaingiza tena. Ganda la pili, na kipande cha karanga yenyewe, kimegeuka jiwe. Kasema ndiyo maana waya hauzami mpaka mwisho, na usipozama mpaka mwisho, upande mmoja haushiki. Akachomeka. Tik! Mkunga akaanza kuzungumza kushoto, mfululizo, bila kupumzika. Beberu, beberu, beberu. Nimehesabu mara kumi na saba katika dakika tano za mwanzo.

Bi Nukta kalichapa shauri lote upya kwa muda mfupi kuliko niliotumia kufunga rula. Cheo ni chake. Msuluhishi kamshika mkono. Nami nimemshika mkono. Wake una nguvu.

Saa ya kutoka kaniletea hedifoni zangu, plasta kaibandua, waya kaukunja vizuri. Kajua tangu Alhamisi.

"Kaka, ungeniomba tu. Ningekuazima."

Nikazitia mfukoni, nikaenda nyumbani. Mama watoto kaniuliza mwizi alikuwa nani. Nikasema karanga. Hakucheka. Alikwenda jikoni, nikamsikia anacheka huko.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelala na jambo hili siku mbili, sasa nimeliona sawasawa. Shauri lilikaa miezi mitano. Watu walilisikiliza kwa masikio mawili, halikwisha. Nimelisikiliza mimi kwa sikio moja, limekwisha asubuhi moja, na mlango wa chuma juu! Bi Nukta alinakili maneno. Yaliyopatanisha ni yangu. Kwa hiyo uandishi haukuwa cheo changu tangu mwanzo. Nimeandika barua kuomba nafasi ya Msuluhishi Msaidizi. Nafasi hiyo haipo, lakini ndani ya barua nimeomba pia iwepo.

Ili kuonyesha uwezo, leo nimeomba shauri gumu. Dada wawili, tumbo moja, wanagombea jina la saluni. Dada mkubwa kushoto, mdogo kulia. Hedifoni safi, tundu safi. Nasikia kila kitu, hata bangili zikigonga meza.

Na hilo ndilo tatizo. Dada mkubwa akisema kitu, nakubali. Mdogo akijibu, nakubali tena. Mtu atapatanishaje watu katika hali hii? Nimevumilia dakika tatu. Kisha nimechomoa sikio la kulia la hedifoni, nikaliweka mfukoni.

Raha iliyoje! Dada mkubwa anajieleza vizuri sana. Mdogo simsikii, lakini alichojibu nakijua. Nimekwisha kukichapa.